Makao Mapya ya Tende

Jumatatu, 14 Julai

Pumba nusu ndoo. Majani, maji. Banda limefagiliwa. Tende kanikanyaga kidole tena, mnyama hana haya huyu.

Binti yangu Nasra ameondoka kwenda shule mbio na wenzake. Hakupita bandani. Nikabaki nimesimama na brashi mkononi kama mtu aliyesahau alichotumwa.

Jana tulimpandisha juu ya Tende kwa utani. Miguu ikaning'inia mpaka karibu iguse mchanga. Tende akageuza shingo kumtazama, kama anauliza huyu ndiye yule yule? Mume wangu Shabani alicheka mpaka akakaa chini. Nilicheka na mimi. Kisha nikaenda kukaa kwenye cherehani na sikushona kitu.

Miaka saba sasa poni huyu yuko uani kwetu. Mume wangu alikuwa mtunza bustani kwenye hoteli moja ya ufukweni. Wenyewe walipofunga na kurudi kwao, wakamwachia farasi huyu mfupi wa watoto. Mtaa mzima ulituona tumerukwa na akili. Lakini Nasra alikuwa na miaka sita na pumu kali. Alikuwa hafiki shule bila kuketi njiani, midomo imebadilika rangi. Tende akambeba. Mimi nikashika hatamu. Kila asubuhi, yeye juu, mimi kando, tunazungumza.

Leo ana miaka kumi na mitatu. Mwaka wa pili huu pumu haijamgusa. Ananizidi urefu.

Kiwanja cha jirani, Tende alikokuwa akila majani, kimemwagwa kokoto. Wanajenga.

Jumatano, 16 Julai

Daktari wa mifugo amekuja kukata kwato. Hakuwa na maneno mengi. Tumbo limekuwa kubwa, kwato zinaharibika, hapandwi, hatembei, na sasa hana pa kula. Farasi wa kusimama mchana kutwa ataugua tu. Mtafutieni mtu, amesema.

Nilitegemea Nasra alie. Hakulia. Amemwambia baba yake, "Kweli, baba. Mimi simpandi tena, na hapa anateseka." Akaenda kuosha vyombo.

Nimekasirika. Sijui nimemkasirikia nani.

Shabani amempiga picha Tende na kuituma kwenye magrupu yake yote ya simu.

Jumamosi, 19 Julai

Mtu wa kwanza, kutoka Chalinze. Kijana mtanashati, anapamba kumbi za harusi. Anataka bwana harusi apigwe picha na farasi. Nikamwambia huyu si wa kubeba bwana harusi. Akasema atasimama tu pembeni, amefungwa utepe. Kwake kuna uwanja na majani. Alikuwa mpole, alimpapasa Tende shingoni vizuri.

Akauliza, "Anauma?"

Nikajibu, "Anauma sana. Juzi juzi kamng'ata mtu."

Tende hajawahi kumng'ata mtu. Shabani alikuwa amesimama pale pale. Alinitazama, akatazama miguu yake. Kijana akashukuru, akaondoka.

Usiku wote Shabani hajanisemesha habari hiyo. Angenigombeza ningeona nafuu.

Jumanne, 22 Julai

Binamu yake Shabani aliye Saadani alimtaka. Daktari amekataa kwa simu: kule kuna nzi wa ndorobo, watamnyonya damu na kumwambukiza, hamalizi mwaka. Nimefurahi. Furaha mbaya, najua.

Alasiri, Nasra alipotoka shule, mimi naye tumekwenda kwenye hoteli nyingine, huku huku ufukweni, wanakopandisha wageni farasi. Msimamizi alitukaribisha kwa soda. Nasra hakunywa. Alikwenda moja kwa moja kwa farasi, akainua matandiko. Chini yake vidonda. Mmoja nzi wamejaa.

"Hapana, mama," akasema. Tukaondoka.

Hapa sikusema uongo wowote. Sikuhitaji.

Ijumaa, 25 Julai

Kapiga simu mwanamke wa makamo, Bi Mwanahamisi, wa Zinga. Namba kapewa na daktari. Ana punda watatu wa kuchotea maji na shamba la minazi lenye majani. Anakaa na mjukuu wake wa miaka mitano.

Hakuuliza bei. Aliuliza anakula nini. Anaogopa radi? Analala akiwa amesimama au hulala chini? Anapenda kuguswa wapi? Nilijibu yote. Nilijikuta naeleza habari za masikio yake, kwamba la kushoto hapendi. Tuliongea mpaka chai ikapoa.

Mwisho akasema, "Basi mwanangu, niambie lini nije."

Nikasema nitampigia.

Sijampigia.

Jumatatu, 28 Julai

Amepiga tena nikiwa bafuni. Nasra kapokea. Nilipotoka nimemkuta amekaa kizingitini, simu mapajani.

"Mama, kuna mtu anamtaka Tende tangu Ijumaa na hukutuambia?"

Nikasema nilikuwa na kazi, sare za watu zimenielemea. Akaniuliza kama ni kweli Tende anang'ata. Kumbe baba yake alimwambia. Nikamfokea. Nikamwambia yeye ni mtoto, hajui kuaga kitu kilichombeba. Amesimama. Sauti yake ilikuwa ya chini, na hiyo ndiyo iliyoniumiza.

"Unadhani akiondoka nitaumwa tena. Ndivyo ulivyo, mama. Kila siku unanisikiliza ninavyopumua. Hata nikila unanisikiliza."

Ni kweli. Sijawahi kumwambia mtu, wala Shabani. Naona kama ni yule mnyama aliyeibeba ile pumu na kuiondoa, na siku akitoka getini itarudi kwenye kifua cha mwanangu. Nikiandika hivi naona ni upuuzi. Nikizima taa naona ni kweli.

Jumatano, 30 Julai

Nimeamka banda liko wazi. Kamba imekatika. Tende hayupo.

Nimekimbia na kanga moja na kandambili zisizofanana. Nikawaza barabara kuu, malori. Shabani alikwenda upande wa sokoni, Nasra upande wa shule. Mimi nilifuata kwato kwenye mchanga mpaka zikapotea kwenye lami, nikakaa chini pale pale kando ya njia. Mama mmoja muuza chapati akaniuliza nimefiwa na nani.

Yeye ndiye aliyemwona. Kisimani, akasema, kwenye punda wa maji.

Nimemkuta. Punda wanne wa muuza maji wamefungwa kwenye uzio wakingoja madumu yajae, na Tende yuko katikati yao. Kaweka kidevu juu ya mgongo wa mmoja, macho nusu yamefumbwa. Punda yule anamkuna shingo kwa meno. Mwenye punda kasema kafika alfajiri, hakusumbua mtu, amesimama tu hivyo hivyo.

Miaka saba nimempiga brashi, nimemlisha, nimemsimulia habari zangu. Sikuwahi kumwona na uso ule.

Alikataa kuondoka. Nasra akanifikia, tukamvuta pamoja. Tende alilia njia nzima, na punda mmoja akawa anamjibu mpaka tulipokata kona.

Nimempigia Bi Mwanahamisi kabla sijanywa chai. Nikamwomba radhi. Akasema, "Mwanangu, hata mimi ningechelewa."

Jumamosi, 2 Agosti

Tumekwenda Zinga kuona. Shikamoo, marahaba, tukapewa madafu. Bi Mwanahamisi ni mfupi, mnene, anatembea kama ana haraka na hana. Migongo ya punda wake ni safi. Nasra kaikagua yote, hata chini ya tumbo, bibi akisimama kando bila kuudhika. Kivuli kipo. Maji yapo. Majani mpaka magotini. Ndorobo hakuna, pamefyekwa zamani na daktari huwa anapita.

Mjukuu anaitwa Rehema. Mdogo, meno ya mbele hana. Aliniuliza kama farasi anajua kusoma. Nikamwambia kidogo.

Shabani alimweleza bibi wazi kwamba hatuuzi. Tunachotaka ni asipewe mtu mwingine bila sisi kujua, na asibebeshwe madumu. Bibi akasema madumu yana wenyewe, akawaonyesha punda kwa kidevu.

Siku imepangwa. Nane Nane, shule zimefungwa.

Ijumaa, 8 Agosti

Shabani alitaka kukodi kirikuu, kigari cha mizigo, kumbeba. Nikakataa. Tumemtembeza, mimi na Nasra, tumetoka baada ya sala ya alfajiri kukiwa bado na ubaridi. Tumepita njia za ndani, za mchanga, kuepuka magari. Alitembea vizuri. Hana mwili wa kukimbia lakini alitembea vizuri.

Nasra alishika hatamu. Mimi nilikuwa upande wa pili, sina cha kushika. Kisha akaanza kunisimulia. Mwalimu mpya wa hesabu. Rafiki yake anayetaka kuhamia Dar. Kwamba anataka kuwa daktari wa mifugo lakini anaogopa kemia. Mambo ambayo sikuwa nayajua hata moja. Nikamwuliza mbona hakuniambia. Akasema, "Hukuuliza, mama. Ulikuwa unauliza kifua tu."

Tulipokaribia, punda walilia kwanza. Tende akasimama, masikio juu. Halafu akavuta. Akamvuta Nasra mpaka kandambili ikamtoka.

Tulimwachia kwenye majani. Wakanusana, wakazungukana, punda mkubwa akarusha teke moja la heshima. Halafu ikawa basi. Wanne wanakula wameelekea upande mmoja.

Ndipo Nasra alipolia. Alilia kwa sauti, uso kifuani kwangu, na ilibidi ainame kidogo. Nilimshika. Na nisiseme uongo humu, nilikuwa namsikiliza anavyopumua.

Jumapili, 10 Agosti

Nimefagia banda tupu. Vumbi jingi. Nasra alikuja kunisaidia akaanza kukohoa. Akakohoa tena na tena, mkono kifuani.

Nilikimbia ndani kutafuta ile dawa yake ya kuvuta, nikamwaga kabati zima. Nilipotoka nayo alikuwa amekaa juu ya ndoo, anakunywa maji, ananitazama.

"Ni vumbi, mama. Njoo usikilize."

Akanivuta, akaniwekea sikio mgongoni kwake. Pumzi inaingia, inatoka. Haina mluzi. Nilikaa hivyo kitambo, na yeye hakuniharakisha.

Halafu tumemaliza kufagia, na vitambaa puani wote wawili.

Jumapili, 31 Agosti

Zinga tena. Shabani, Nasra, mimi.

Tende amepungua tumbo. Anang'aa. Nilimwita kutoka kwenye uzio, kwa mluzi niliokuwa nikimwitia kila asubuhi. Akainua kichwa, akanitazama, akaendelea kula. Nimeumia kidogo. Nimefurahi zaidi.

Bi Mwanahamisi kapika wali wa nazi na dagaa. Shabani kapewa kazi ya kukaza bawaba za geti, kafurahi. Nasra alikuwa amechuchumaa anatazama kwato, anamweleza bibi kitu, mikono inaruka.

Rehema alikuwa anamsuka Tende singa za shingoni. Anasuka vibaya, mafundo matupu. Anasuka huku anamsimulia habari ndefu ya kuku aliyeiba sabuni. Tende kasimama kimya, sikio moja kwake.

Nilitaka kumwonyesha inavyosukwa. Nikainuka, nikakaa tena.

Kivuli kilikuwa kizuri. Nikavua viatu.