Mgono wa Mto Ngerengere

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha polisi, Boma la Morogoro. Alhamisi, tarehe 13 Julai 1911, saa nane mchana.

Jina: Felista binti Stefano. Umri: miaka kumi na sita kwa kitabu cha ubatizo. Kazi: nimemaliza shule ya misheni mwaka huu, nasaidia kufundisha watoto wadogo kusoma. Makazi: mlimani juu ya Kilakala, kwa mama yangu Anastasia.

Nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Mzee Yunusi, mlinzi wa chumba cha uvuvi cha misheni, amefungwa hapa tangu leo asubuhi, na nimesikia kesho saa mbili atapigwa viboko ishirini na tano kwa kuiba mgono. Mzee Yunusi hakuiba.

Mnamo Jumanne tarehe 11 Julai, saa tatu asubuhi, nilipeleka watoto tisa kuona chumba hicho. Zamani kilikuwa ghala ya mahindi. Bruda Klemens amekusanya humo vyombo vya wavuvi wa mito yetu: nyavu, ndoana, mikuki, na nusu ya mtumbwi, kwa kuwa mzima haukupita mlangoni. Kila kitu kina karatasi yake. Mzee Yunusi alikuwa amekaa kizingitini. Tulimwamkia, akaitikia, akawaambia watoto, "Tazameni kwa macho. Atakayegusa namtia mgononi, nampika na nazi." Watoto walicheka.

Mgono ulitundikwa kwenye msumari ukutani. Kwa kuwa Bwana Shaushi, askari anayepokea maelezo haya, ni mtu wa pwani, naeleza: ni mtego mrefu wa matete. Samaki huingia mdomoni asiweze kurudi, na mvuvi humtoa kwa nyuma kwa kufungua kamba.

Modesta, mwenye miaka sita, alisema, "Dada Felista, mgono unakojoa."

Mwenzake akamwambia, "Ni wewe huyo."

Niliangalia sakafu. Maji yalikuwa yakidondoka kutoka mkiani mwa mgono, tone moja moja. Nilimuuliza Mzee Yunusi kama paa linavuja.

"Mvua zimekwisha Mei, mwanangu," alisema. "Hapo nafuta kila asubuhi. Nimeacha kuuliza."

Nilisoma karatasi: "Mgono. Mto Ngerengere, 1906. Mwenyewe hajulikani." Kisha nikaiona kamba. Watu wote huizungusha kulia. Ile ilizungushwa kushoto, mara saba, na fundo limekazwa kwa meno. Baba yangu alikatwa na shoka vidole viwili vya mkono wa kulia. Alifunga hivyo. Mimi ndiye niliyekuwa nikimshikia kamba.

Baba alikwenda Ngerengere kutazama mgono wake mwaka wa vita, 1905, nikiwa na miaka kumi. Hakurudi, wala mwili haukuonekana. Mama hakukaa matanga. Kila jioni hupakua bakuli tatu, ingawa tuko wawili.

Nyumbani kwetu, mgono wa mtu aliyechukuliwa na mto hautundikwi. Hufunguliwa nyuma, ukarudishwa majini. Bibi alisema usipofunguliwa, naye hatoki. Padri ametufundisha tusiyaamini mambo hayo. Najua. Naandika nililolifanya.

Jumatano tarehe 12, saa mbili asubuhi, nilikwenda kwa Bruda. Nilisimama mlangoni pake muda mrefu kabla ya kubisha. Nilimwomba aifungue ile kamba tu, hata kama mgono utabaki pale.

Alinijibu kwa upole. "Fundo hilo ndilo zuri kuliko yote mle chumbani, Felista. Sasa ni kitu cha watu wote. Mle mgono hautaoza."

Nilitaka kumwambia ni wa baba. Niliaga, nikaondoka. Ningesema, leo Mzee Yunusi asingekuwa hapa.

Saa kumi alasiri Mzee Yunusi alikwenda kusali, akaacha ufunguo mahali pake pa siku zote, juu ya mlango. Niliingia, nikaushusha mgono, nikauficha ndani ya mzigo wa majani niliokuja nao. Niliuburuta hadi nje, lakini sikuweza kuuinua kichwani. Matete hayawi mazito hivyo. Mzee Yunusi akanikuta nje, bado nahangaika nao.

"Majani ya nani haya?"

"Ya mbuzi, baba."

"Mbuzi wenu wangapi?"

"Mmoja."

Alinitwisha. Maji yalimdondokea mkononi. Aliyatazama, akajipangusa kwenye kanzu, akasema, "Nenda kabla jua halijazama, mwanangu." Leo asubuhi Bruda alipomuuliza, alisema hajui.

Nilifika kivukoni saa kumi na moja unusu. Niliingia majini hadi magotini. Fundo halikulegea kwa vidole, nikatumia meno. Lilipofunguka, mgono ukawa mwepesi. Haukuchukuliwa na maji mara moja. Ulikaa mbele ya miguu yangu, na mto unapita, kisha ukaenda. Sikuona mtu. Nasema hivyo kwa sababu nimeapa kusema kweli.

Nilimkuta mama jikoni. Sikumwambia neno. Jioni ile alipakua bakuli mbili. Aliponiona nazitazama alisema, "Kula, Felista. Chakula kinapoa."

Aliyeingia chumbani ni mimi, peke yangu. Naomba Mzee Yunusi afunguliwe kabla ya kesho saa mbili. Nimeyasema yote, na hakuna niliyemficha.

(Sahihi) Felista binti Stefano

Maandishi ya polisi: Shahidi ameandika kwa mkono wake mbele yangu, bila kulazimishwa. Saa kumi nilipanda misheni kukagua chumba. Msumari upo, mgono haupo. Sakafu haijafutwa tangu mlinzi akamatwe. Chini ya msumari ni pakavu, pana vumbi.

Kwa amri ya Bwana Shauri, mkuu wa Boma, Yunusi amefunguliwa saa kumi na mbili jioni. Shauri la binti litasikilizwa kesho; usiku huu analala kituoni. Yunusi ameambiwa aende kwake, amekataa. Amekaa nje ya mlango wa kituo, anasema anamngoja mwanawe.

Shaushi Mwinjuma