Ukingo wa Kiti Chako, Yeremia

Mwanangu Yeremia,

Habari za huko sikuulizi. Tangu tukuzike nimeuliza sana na hakuna aliyenijibu, basi nimeacha. Leo nakuandikia habari za gari lako.

Najua hapo ungecheka. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kulisema vibaya siku ulipoliingiza uani kwetu hapa Msalato, jekundu, milango miwili, limekaa chini mno, tumbo linakwaruza kokoto. Nilikwambia hilo si gari, ni kiatu. Miaka yangu yote ya kazi kule Mpwapwa, nikifundisha vijana mambo ya mifugo na ngozi, nilipanda magari marefu ya serikali, yale mtu anapanda kwa kukanyaga ngazi. Wewe ukaniletea gari ambalo mtu analiingia kama anashuka shimoni. Ukasema, "Baba, hili ni la spoti." Nikakuuliza spoti gani, kwenye barabara hii ya makorongo? Mama yako akakutetea. Alikuwa hajaliangalia hata vizuri, lakini tayari anakutetea.

Siku uliyokubali nikae kwenye kiti cha dereva ulinipa somo kwanza, umesimama mlangoni kama mlinzi wa benki. Ulinionyesha ule ukingo ulionyanyuka pembeni mwa kiti, unaomshika dereva mbavuni asiyumbe gari likikata kona. Ulisema viti vya magari haya huanza kufa pale pale, upande wa mlango, kwa sababu watu hawakai, wanajiburuza.

"Usiukalie ukingo, baba. Wala usiuegemee. Sukuma kiti nyuma kwanza, shika juu ya mlango, jishushe moja kwa moja katikati, ndipo uingize miguu. Ukitoka hivyo hivyo, miguu kwanza, halafu unyanyuke."

"Na nikishindwa?"

"Utasubiri nikusaidie."

Kisha ukanitoa vitu mfukoni. Funguo, kalamu, kile kisu changu cha kumenyea miwa. Ulisema vyuma vya mfukoni vinakwaruza ngozi. Nikakwambia hata mahabusu hupekuliwa kwa heshima kuliko hivi. Ulicheka mpaka ukashika goti. Nilikaa, mwanangu, na kusema kweli kile kiti kilinikumbatia vizuri, ila sikukwambia, maana ungenisumbua nacho mwezi mzima.

Jumamosi ulikuwa unaoga, unakunywa chai, halafu unakwenda kwenye kiti. Kitambaa laini chenye unyevu kwanza, utoe vumbi, ukisema vumbi la Dodoma ni msasa na mtu akilikalia anajisugulia mwenyewe. Baada ya hapo ndipo ile losheni yako ya ngozi, tone dogo tu, unaipaka kwa kidole kama unampaka mtoto mchanga. Mwisho unaweka lile pazia la kung'aa kwenye kioo cha mbele jua lisipige ndani. Mimi nimekaa barazani nakutania, naulizia hicho kiti utakioa lini. Wewe unatabasamu tu, unaendelea.

Na mama yako je? Nyonga yake ilikuwa mbovu tangu alipoanguka kisimani akiwa binti, na kujishusha kwa ile kanuni yako asingeweza hata umlipe. Basi ulimwekea kanuni yake peke yake. Ulikuwa unamkumbatia, unamwinua mzima mzima, unamweka kiti cha abiria, katikati, bila kugusa ukingo. Naye anapiga kelele, "Mkwe, utaniangusha! Mkwe, watu wanatuona!" Alikuita mkwe tangu unazaliwa kwa sababu ulibeba jina la baba yangu, na nadhani alifurahi kupata mkwe mmoja ambaye angeweza kumchapa. Zabibu zikiiva mlikuwa mnatoka kanisani mnanyoosha Makutupora, nyinyi wawili tu, kwa kuwa kiti cha nyuma cha gari lile ni cha kuwekea kofia. Mnarudi na tenga la zabibu limekaa kwenye mapaja ya mama yako, juu ya kanga mbili zilizokunjwa, yeye ameshikilia kama ameshika mtoto, anaogopa tone lisianguke kwenye kiti chako. Sikuwahi kumwona amependeza kuliko vile alivyokuwa akitolewa mle ndani.

Halafu ukaugua. Uliingia hospitali kwa miguu yako, unaniambia nisisahau kufunika gari. Hukutoka. Sijui zaidi ya hapo, na hata waliojua walinieleza nikashindwa kushika.

Gari aliliegesha hapa rafiki yako wa kazini, chini ya banda la bati. Tulipokwisha kuanua matanga, watu wametawanyika, mama yako akaniambia anataka kukaa ndani. Nikamfungulia upande wa abiria. Akasema, "Siyo huko. Kule kwake."

Sasa nisikilize, kwa sababu hapa ndipo shida yangu ilipoanzia. Kile kiti kimeshika umbo lako. Ukingo wa upande wa mlango umelala kidogo, pale ulipokuwa unaegemeza mbavu ukiendesha kwa mkono mmoja. Ngozi yake ilikuwa nzima, haina hata ufa, lakini ndani umebonyea, na mtu akikaa anaona kabisa kwamba kuna mwenzake alitangulia. Mama yako akiweka ubavu wake pale ananyamaza. Kwingine kote analia. Kanisani analia, jikoni analia, akitwanga analia. Mle ndani halii. Basi ikawa kila siku, akimaliza kuosha vyombo vya mchana, anachukua kitambaa chake cha kichwa anakwenda garini, anakaa mpaka jua linapoanza kulegea.

Na anaingiaje? Anajiburuza, mwanangu. Afanyeje? Anatua juu ya ukingo kwa uzito wake wote, anapumua pale, anavuta mguu mbovu kwa mikono miwili, halafu anateleza mpaka katikati. Akitoka vile vile. Yote uliyoyakataza, moja baada ya jingine, na mimi nimesimama pembeni nashika mlango.

Nilijaribu kumwinua kama ulivyokuwa unamwinua. Mgongo wangu unaujua. Tulibaki nusu ndani nusu nje, nimemshika, siwezi kwenda mbele wala kurudi, mpaka jirani akaja kututenganisha. Nikasema basi nisukume kiti nyuma apate nafasi, kama ulivyonifundisha. Alinishika mkono. "Usikisogeze, Baba Yeremia. Miguu yake ilikuwa inafika hapo." Nikatandika taulo juu ya ukingo. Akalitoa, akalikunja vizuri, akanirudishia. Alisema taulo ni la kwetu, halina harufu yako.

Ukaja msimu wa upepo. Magari ya kokoto yanayokwenda huko kwenye uwanja mpya wa ndege yanapita hapa kutwa, na vumbi linaingia hata kwenye gari lililofungwa vioo. Ngozi ikaanza kukauka. Losheni yako ilikuwa imebaki mkiani mwa chupa, nikawa naipaka kwa ubahili, nikisubiri nipate mtu wa kuniagizia nyingine.

Siku moja nilikwenda mjini kushughulikia mambo ya pensheni. Niliporudi nikamkuta mama yako amesimama mlangoni mwa gari, uso umekunjuka, jambo ambalo nilikuwa nimelisahau. Mikono inang'aa mpaka viwikoni. Alikuwa amekipaka kiti chako samli.

Wewe ulizaliwa mjini, pengine hukuwahi kuliona hili. Kwao mama yako walilala juu ya ngozi za ng'ombe, na kazi ya mabinti ilikuwa kuzisugua samli zisikakamae. Alifanya kwa mikono yake alichofundishwa na mama yake kuifanyia ngozi ya kulalia wazazi wake. Hakuna heshima kubwa kuliko hiyo. Ila mimi nimefundisha ngozi maisha yangu yote. Ngozi ya kiti cha gari imefunikwa rangi juu, hainywi samli. Samli inakaa pale pale juu, inaingia kwenye mishono, vumbi linakuja linaganda, halafu mtu akijiburuza juu yake ndiyo ule msasa uliokuwa unausema.

"Ona inavyong'aa," akasema. "Ngozi ni ngozi, Baba Yeremia. Ilikuwa na kiu."

Nikamwambia amefanya vizuri.

Kesho yake asubuhi, yeye akiwa bado amelala, nilichukua maji ya vuguvugu na sabuni kidogo nikafuta nilichoweza. Kilichoingia kwenye mishono kilibaki huko. Yeye akiona ngozi imefifia anaongeza samli, mimi nafuta, yeye anaongeza. Hatukuwahi kulizungumza. Nilikuwa nauona ule ukingo unapauka, unageuka rangi ya majivu, ufa mmoja, kisha nyufa ndogo ndogo zinazokimbilia kwenye mshono, na kila mchana nafungua mlango, nasema karibu, mama. Ningemzuia nikamwache na nini? Nisipomzuia naona umbo lako linasagika mbele ya macho yangu. Nimesoma, mwanangu, nimefundisha, watu wazima wananiamkia shikamoo mwalimu mpaka leo. Nilikosa la kufanya kwa kiti kimoja.

Uzi ukakatika wiki mbili zilizopita. Alikuwa anatoka. Nilisikia sauti kama ya kitambaa kinachochanwa na nikadhani ni kanga yake. Ilikuwa ngozi. Ukingo umepasuka upande wa mlango, pale pale ulipotabiri, na sponji ya njano imetokeza. Mama yako alirudi akaangalia. Akaisukuma sponji ndani kwa kidole, ikatoka. Akaisukuma tena.

Nikaleta fundi wa viti kutoka mjini. Kijana mstaarabu, alinyenyekea, alitupa pole kabla hajagusa chochote. Akapapasa, akasema inawezekana kabisa, kiti kitakuwa kipya. Mama yako akamuuliza kipya vipi.

"Ngozi nabandua yote, mama, siwezi kuweka kiraka hapa, kitaachia. Na hii sponji imeshabonyea, naweka nyingine ngumu, ukingo usimame kama zamani."

"Na hiyo iliyobonyea unaipeleka wapi?"

Kijana akaniangalia mimi. "Natupa, mama. Haina kazi."

Mama yako akamshukuru. Akamuuliza kama amekula. Akamwekea ugali na mlenda, akasimama karibu yake mpaka akamaliza, akamsindikiza hadi barabarani na nyonga ile. Aliporudi akafunga mlango wa gari, taratibu, kwa mikono miwili. Akaniambia, "Basi. Sikai tena. Nimemmaliza mimi mwenyewe."

Nilimwambia hapana. Nilimwambia ni samli, ni vumbi, ni jua, ni magari ya kokoto, ni uzi mbovu wa kiwandani. Nilitaja kila kitu kilichopo duniani isipokuwa yeye. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama nataka chai.

Jana mchana nilikwenda nikafungua mlango wa gari kama siku zote. Nikatoa lile pazia kwenye kioo, nikafuta usukani, nikamwita. Alikuja mpaka kwenye nguzo ya banda akasimama. Nikamwambia, "Mama Yeremia, njoo ukae. Kiache kiishe. Kikiisha kimeisha." Nilisema hivyo na machozi yananitoka, kwa hiyo sidhani kama aliniamini. Aliangalia ule mpasuko. Aliniangalia mimi. Akarudi ndani.

Kwa hiyo, mwanangu, yote uliyonifundisha sasa yanafuatwa. Hakuna anayeukalia ukingo, hakuna anayeuegemea. Hakuna funguo wala samli. Nafuta vumbi kila asubuhi kwa kitambaa chenye unyevu, tone la mwisho la losheni yako nimelipaka jana hiyo hiyo, kioo nimekifunika, mlango nimeufunga. Mpasuko hautaongezeka hata kwa ukucha. Ni saa nane sasa, saa yake ya kuwa na wewe, na mama yako yuko chumbani, amelala ameelekea ukutani, na kutoka hapa nilipo namsikia.

Ningejua pa kukufuata uje kumwinua, ningekuja mwenyewe, kwa miguu.

Baba yako