Treni ya Bububu Haikungoja

Jumatano, Novemba 1956. Mvua ya vuli asubuhi, jua kali mchana.

Leo nimemkana babu yangu. Sijamwambia mtu, hata mama.

Babu, mzee wake baba, alikuwa gadi wa treni ya Bububu, ile iliyosimama kabla sijazaliwa. Tangu nimalize skuli ananiambia, "Wewe umesoma, iandike stesheni yetu kabla haijasahauliwa." Nyumbani kwetu Mlandege, hapa mjini, sifa yake ni moja: hakuichelewesha treni hata siku moja. Baba hutusimulia kila tukichelewa chakula.

Kwa hiyo leo nimepanda gari la abiria liendalo shamba hadi Bububu, na daftari langu kwapani.

Reli ziling'olewa zamani. Imebaki sakafu ya stesheni, imepasuka, majani yametoka. Bi. Tatu, anayekaa jirani, alikuwa akianika karafuu juu yake. Nilimwamkia kwa sauti ndogo, kama kawaida yangu.

"Marahaba. Sema basi, mwanangu, karafuu hazikutafuni!"

Nikamuuliza habari za treni. Akacheka. Akanieleza walivyokuwa wakipanda na kuku na vikapu vya muhogo, na moshi ulivyowaharibia nguo. "Na ikenda pole! Wanaume wakishuka, wakachuma mapera, wakapanda tena."

Niliandika haraka, nimefurahi. Kisha akaacha kucheka.

Siku moja aliletewa habari kwamba mama yake amefariki mjini, anazikwa baada ya adhuhuri. Alikimbia na mtoto begani. Treni ilikuwa bado imesimama, yeye yuko penye mnazi alionionyesha kwa kidole, si mbali.

"N'kapiga kelele: ningojeeni jamani, mama yangu kafa! Yule gadi akan'tazama. Akatazama saa yake. Akapunga bendera, treni ikaondoka."

Hakuweza kuirukia, kwa sababu ya mtoto. Alikwenda kwa miguu hadi mjini. Alipofika, wanaume walikuwa washarudi kutoka makaburini.

"Uso wake siukumbuki tena," alisema, huku anageuza karafuu kwa kiganja. "Yule bwana sijui kama yu hai. Wewe mjukuu wa nani?"

Nikamjibu, "Wa Bi. Salma, wa Mlandege."

Bi. Salma ni bibi yangu mzaa mama. Sikusema uongo. Lakini nilijua ninachokificha.

Akanifungia karafuu kwenye karatasi nimpelekee bibi.

Nimerudi karibu na magharibi. Babu alikuwa kitandani, siku hizi miguu haimbebi. Hata sijavua buibui akaniuliza, "Wananikumbuka huko?"

"Wanakukumbuka, Babu."

"Wanasemaje?"

"Wanasema treni yako haikumngoja mtu."

Uso wote ukamng'ara. Akamwita mama amwongeze uji, wakati juzi na jana alikuwa akilisukuma bakuli. "Umesikia?" akamwambia. "Mpaka leo!"

Nilitoka nje nikalia.

Labda hakumsikia, kwa kelele za mashine. Labda alisikia, akaogopa wakubwa wake. Ningemuuliza, lakini ni mgonjwa, na hilo ndilo jambo pekee analojivunia. Na Bi. Tatu je? Miaka yote hii hakuna aliyemwambia hata pole.

Nimeamua. Historia nitaiandika, na Bi. Tatu atakuwamo, akikimbia na mtoto wake begani. Babu akitaka nimsomee, ukurasa huo nitauruka. Jumamosi nitarudi Bububu nimwambie Bi. Tatu mimi ni mjukuu wa nani, kisha nimwombe radhi kwa niaba ya mtu asiyejua kwamba anaombewa. Huenda akanifukuza.

Wewe unayesoma hapa, ukiwa ni mtu wa nyumba hii au mgeni, nakusihi: Babu asilisikie neno hili. Muache anywe uji wake.