Siku Saba za Kunyamaza Kasulu

Dada Leokadia,

Kwa heshima na taadhima, na kwa niaba ya ukoo mzima, nasikitika kukutangazia kwamba mbuzi wako mweusi amekula kofia ya katekista. Tukio hilo zito limetokea hapa Kibondo, Jumapili baada ya misa, mbele ya mashahidi. Katekista anaomboleza. Mbuzi hajaonyesha dalili yoyote ya kutubu.

Habari nyingine ni ndogondogo. Nyumbani kwako anakaa mwanao Yasinta na watoto wake, na maharage yamekubali mwaka huu. Kambini wakimbizi wanazidi kuingia kutoka Burundi, nami bado ndiye fundi wa majeneza, ila siku hizi mbao zinakuja zimeshakatwa: vipimo vitatu, cha mtu mzima, cha kati, cha mtoto. Kazi yangu ni kupigilia misumari tu. Za mtoto ndizo zinazowahi kwisha.

Unakumbuka kazi hiyo ilivyoninyima usingizi. Nilikuwa nakuja kwako asubuhi macho mekundu, nakaa jikoni kwenye kigoda, naongea mpaka uji unaganda. Ukaniambia, "Damiani, wewe huumwi usingizi, unaumwa mdomo." Na ni wewe uliyenisukuma niende kwenye mafungo ya Nesi Malini, yule mama wa Sri Lanka wa zahanati ya kambini. "Nenda," ulisema. "Wewe ukinyamaza siku saba, hata mimi nitapona." Tulicheka sana. Ulikuwa na ile homa yako ya kuja na kuondoka, umejifunga kanga tumboni. Nani angejua.

Sikupata nafasi ya kukusimulia. Tulikuwa watu tisa, manesi, madereva na mimi, katika nyumba ya kupanga nje kidogo ya mji wa Kasulu. Nesi Malini ni wa dini ya Buddha, lakini alituambia habadilishi dini ya mtu, anatufundisha kukaa tu. Katekista alikuwa ameniuliza kama nitasujudia sanamu. Nilimjibu kwamba huko hakuna hata chakula cha jioni, sembuse sanamu. Na kweli, kula kulikuwa mwisho saa sita mchana. Tulikaa juu ya mito iliyojazwa maganda ya maharage, macho tumefumba, tukifuata pumzi inavyoingia na kutoka. Kisha tulitembea uani hatua moja moja, kama vinyonga wenye mawazo. Mama mmoja aliyepita na mzigo wa kuni alisimama uzioni akauliza tumepoteza nini, atusaidie kutafuta. Hakuna aliyemjibu. Akaondoka akisema, "Maskini, na sura zao nzuri."

Kilichonitesa si njaa. Ni kukatazwa kusalimia. Sisi Waha, Dada! Wewe mwenyewe ulinifundisha, tena kwa kofi, kwamba mtu hupiga makofi yake taratibu, anasema "Mwakeye," unapokea, mnaulizana ya nyumbani na ya mvua, ndipo habari itolewe. Kumtupia habari mtu ambaye hajapokea salamu ni kama kumtakia mabaya. Siku mbili za kwanza ulimi uliniwasha. Ya tatu kitu kikalegea kifuani. Ya nne nilikaa tangu alfajiri hadi saa nne bila kusikia nyundo hata moja kichwani. Nililia, Dada. Kwa raha.

Sasa nifike ninapokwepa kufika.

Watu wote wanajua kwamba ulipozidiwa, mzee Ruhuza, jirani yako, alipanda lori la msaada kuja Kasulu kuniita, akarudi na neno moja: "Sikumkuta." Yasinta haamini hata kama alinitafuta. Anasema mzee aliishia kilabuni, pombe ikamshika. Hamsalimii. Watoto wake nao wamekatazwa. Mke wa Ruhuza ameniambia kwamba mumewe siku hizi anapita nyuma ya nyumba za watu akienda kanisani. Mzee wa umri wa baba yetu. Nami mwaka mzima nimeitikia kwa kichwa.

Alinikuta.

Ilikuwa siku ya tano, asubuhi, nikiwa katika yale matembezi ya uani. Alisimama uzioni, vumbi hadi magotini. Akapiga makofi. "Mwakeye, Damiani." Nikaweka kidole mdomoni. Akanitazama. Akapiga tena, taratibu zaidi, amekunja magoti kidogo, kana kwamba mkubwa ni mimi. Nikainamisha macho, nikaendelea: inua mguu, sogeza, kanyaga. Alisubiri, mikono bado imeshikana. Angesemaje? Sikuwa nimepokea. Nikasikia nyayo zake zikirudi barabarani.

Ningeweza kukuambia kwamba nilitii sheria. Lakini Nesi Malini alitutangazia siku ya kwanza kabisa: mwenye dharura aseme, hakuna atakayemlaumu. Na niliona lile vumbi. Nilijua hakuna mtu anayetoka Kibondo kuja kutazama ninavyotembea. Nilijua ni wewe, hata kabla hajapiga makofi mara ya pili. Nilitaka siku moja zaidi, Dada. Moja tu, bila jeneza.

Nesi alisema anayekaa vya kutosha huiona akili yake ilivyo. Nimeiona. Amesharudi kwao, sina hata wa kumuuliza mtu akishaiona anaifanyia nini. Kila asubuhi najaribu kukaa kama alivyotufundisha, lakini pumzi haifiki ya kumi kabla sijamwona yule mzee uzioni. Kuhusu ile "Sikumkuta" yake, sidhani alidanganya. Mtu asiyepokea salamu, kwake, hayupo.

Lori lilirudi Kibondo siku ileile. Lilikuwa na nafasi.

Jumapili ijayo ni misa yako ya mwaka, na ukoo utakuwepo. Nitasimama, nimwite Ruhuza kwa jina, niseme mbele ya Yasinta. Nakuahidi. Pasaka pia nilijiahidi, nikasimama, nikasimulia vichekesho, watu wakacheka mpaka machozi. Kwa hiyo usiishike sana ahadi hii mpaka uisikie ikitoka mdomoni mwangu.

Kwaheri, Dada yangu. Sikuombi unisamehe. Nakuomba tu ujue, kwa sababu Yasinta anasema asubuhi ile ya mwisho, ya siku ya sita, uliuliza, "Damiani amefika?" naye akakujibu, "Yuko njiani, Mama," ukatulia.

Sikuwa njiani. Nilikuwa nimekaa, nimefumba macho, najisikia vizuri.

Mdogo wako,
Damiani