Chokaa Haing'ati

4 Februari

Baba,

Shikamoo. Kifua kinaendeleaje na hili vumbi? Na Mama, miguu imepungua kuvimba? Mimi mzima, isipokuwa goti la kulia linanung'unika nikipanda ngazi. Chumba bado nachangia na golikipa wetu, anakoroma kama mashine ya kusaga.

Nina jambo la kukuuliza. Huu ni mwaka wangu wa nne katika timu hii ya daraja la tatu, na kila nikipewa mpira kule kushoto nakata kuingia ndani kabla sijaufikia mstari wa chokaa wa pembeni. Kocha anasema, "Winga mzima, mbio unazo, pumzi unayo, mbona unaliacha shamba lote hilo?" Mashabiki ndio hawana huruma. Nikigusa mpira tu, jukwaa zima: "Chokaa haing'ati, wewe!" Mabeki nao wameshanijua. Hawanikimbizi tena, wananisubiri.

Tarehe 10 Machi kocha wa timu ya daraja la kwanza anakuja kunitazama. Nina miaka ishirini na saba; hatakuja mwingine. Uwanja niliojifunzia uliutunza wewe, na jioni zote uliniona. Kosa hili lilianzia wapi? Niambie nilirekebishe.

Mwanao

18 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Kifua kinapanda na kushuka, ndiyo kazi yake. Mama yako anasema ukande goti kwa maji ya moto, na usimwambie ulisahau.

Kuhusu mpira, usimsikilize sana kocha. Kila mtu ana mwendo wake, na wako nimeupenda tangu ukiwa mdogo. Lala mapema, kula ushibe. Mengine yatajipanga.

Baba yako

13 Machi

Baba,

Shikamoo. Natumaini hamjambo wote. Mwili wangu mzima.

Nilikata ndani, Baba. Mara tano. Pembeni yangu palikuwa na nafasi ya kulisha ng'ombe kumi, mguu ukakataa kwenda. Yule kocha aliondoka wakati wa mapumziko, hata kuaga hakuaga. Sasa niko benchi, nawashikia wenzangu chupa za maji.

Mwanao

30 Machi

Mwanangu,

Sijui nikusalimu vipi leo. Sote wazima. Mama yako yuko jikoni na hajui ninachoandika.

Jibu la swali lako nilikuwa nalo tangu Februari. Uwanja ule wa shule umepungua hatua nne upande wa kushoto. Tulipohamishiwa huku baada ya mafuriko, mwalimu mkuu alinipa kazi, toroli, na miezi miwili ya kufukia mtaro uliopita pale. Sikuufukia. Nilijiambia mvua zikiisha tutarudi kwetu. Ya nini kujivunja mgongo kwa mtaro wa watu? Nikausogeza mstari ndani, nikamwaga chokaa, nikarudi kwenye redio kungoja tuitwe.

Ulipokuwa na miaka sita ulitumbukia mle ukapasuka kidevu. Hata hapo sikuufukia. Nilikushika sikio nikakuambia, "Ukiikaribia chokaa, umekwisha." Ukanitii. Miaka ishirini na moja unanitii.

Barua yako ilipofika nilitoka nikapima kwa hatua, mara tatu. Kisha nikarudi ndani nikakuandikia ulale mapema. Niliona haya. Ningesema siku ile, ungepata karibu wiki tatu za kuuzoesha mguu.

Baba yako

22 Juni

Mwanangu,

Goti halijambo? Nauliza hilo tu, mengine sina uso wa kuuliza. Mama yako alitaka kujua kwa nini barua zimekatika, nikamwambia yote. Tangu Jumanne hasemi nami.

Naufukia mtaro. Toroli nane kwa siku, kifua kikiruhusu. Mwalimu mkuu wa sasa, kijana wa utani, aliniuliza, "Mzee, mtaro umeutazama miaka yote hii, leo umekukosea nini?" Nikamwambia haujanikosea kitu. Udongo ukishikana, nitaupeleka mstari unapostahili.

Hatutarudi kwetu, mwanangu. Nadhani nilikuwa wa mwisho kulijua hilo.

Baba yako

9 Novemba

Baba,

Shikamoo. Goti limepona, ila sasa halina kazi. Mkataba umekwisha na hawakuongeza. Mwambie Mama nimekuwa nikilikanda.

Barua yako ya Machi niliichana. Golikipa aliokota vipande, akaviunga kwa gundi, akaniwekea juu ya mto.

Katika mechi ya mwisho kocha aliniingiza zikiwa zimebaki dakika kumi, nadhani kwa kuniaga. Nikapewa mpira kushoto. Nikasema, leo. Nikaenda, Baba, mpaka nikaona chokaa inaruka chini ya kiatu. Beki alibaki kulekule akinisubiri. Nikapiga krosi ambayo sijawahi kupiga mfano wake.

Haikumkuta mtu. Mshambuliaji wetu alikuwa ameshakimbilia kule ninakokatia siku zote. Miaka minne amenizoea. Alinigeukia, mikono wazi. "Si ungeniambia, kaka!"

Nikakukumbuka wewe, umesimama pale mtaroni unahesabu hatua.

Nakuja Jumamosi ya kwanza ya Desemba. Usije stendi, pumzisha kifua. Nisubiri uwanjani, upande wa kushoto. Na kama mtaro haujaisha, toroli za mwisho niachie mimi.

Mwanao