Hisa Zilizouzwa Machi

Keringet,
Aprili 2008

Kwako Baba Wambui,

Pokea salamu zetu kutoka huku kwa mama yangu. Barua hii naipitishia kwa dada yako Nyahururu. Mvua imeanza na viazi tumepanda. Wambui ameng'oka jino la mbele, sasa anacheka akijiziba mdomo.

Tangu nyumba yetu ichomwe Januari katika ghasia za uchaguzi nawe ukimbie, sikusikia lolote. Nilikutafuta kambini Nakuru, nikaulizia hospitalini, mwishowe hata mochari. Mama alishaanza kuniambia nikuombolee.

Wiki iliyopita nilienda saiba ya Balwant, pale pa kulipia intaneti, kule Bondeni mjini Nakuru, nikafungua akaunti yetu ya hisa katika ile benki ya mtandaoni. Nilitaka kuuza chache tu, ninunue mabati. Nikakuta hisa zote ziliuzwa Machi.

"Tumeibiwa!" nikamwambia Balwant.

Akatazama kompyuta. "Hapana, mama. Aliyeuza alikuwa na neno lenu la siri."

Neno hilo tunalijua sisi wawili tu. Nililia kwa furaha mbele za watu, Gathogo, kwa sababu uko hai. Nilikuwa nimeshafika barabarani ndipo nikaelewa kwamba Machi yote ulikuwa hai, na namba yangu ya simu sijaibadilisha.

Pesa sizitaki. Wala sikulaumu kwa kuogopa, maana waliokufukuza ni watu wa kabila langu.

Watoto nimewaambia baba yao yuko hai. Hilo lingine limenishinda kuwaambia.

Mimi, ambaye bado ni mkeo,
Chelangat