Mazoezi ya Jumanne

Mdogo wangu wa tumbo moja,

Sisi wazima, ila paa la jikoni linavuja na shemeji yako amerudi ujanani. Tangu daktari amwambie gegedu za magoti yake, ile mito laini kati ya mifupa, zimelika, kila Jumanne anachana nywele na kwenda mazoezini zahanati. Akirudi, hadithi ni moja tu: Mama Miwani, mwalimu mstaafu, mjane. "Mama Miwani sasa anapanda ngazi bila kushika ukuta!" Roho yaniuma.

Wiki tatu zilizopita nilimfuata. Nikawakuta wamekaa bega kwa bega, wakinyoosha miguu, wakihesabu kwa sauti na kucheka. Mtaalamu wa mazoezi akaniona mlangoni.

"Karibu mama. Kaa, kisha simama bila kushika kitu."

Kukaa nikaweza, kusimama kukanishinda. Goti la kulia lilinichoma hadi machozi yakanilenga, na yule Mama Miwani ndiye aliyenipa mkono.

Mdogo wangu, magoti haya yananitesa mwaka wa pili sasa. Sikumwambia mtu. Nilidhani kiungo kinachouma ni cha kupumzishwa, kumbe kukaa tu ndiko kunakokikaza zaidi.

Njiani mume wangu akasema, "Kila Jumanne nilikuambia twende."

"Ulisema kama mtu anayeaga," nikamjibu.

Sasa tunakwenda wote, na nasimama mara sita bila kushika. Mama Miwani ni mtu mwema, nakiri. Hata hivyo, kiti cha katikati yao nimekichukua mimi.

Wako,
Dada